Sukari ya ukoo: ni damu au ni maisha?

Mwana wa Kiomboi:
Wakuu habari za jioni, kuna jambo linaninyima usingizi naomba wenye uelewa mnisaidie. Baba alitoka Iramba akaja Dar miaka ya 80 akafungua duka, yaani maisha yake ni kaunta kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Mwaka juzi tukagundua ana sukari, alikua na kidonda kidole gumba cha mguu anakificha na soksi, siku namvua kiatu ndo harufu ikanipiga, kupimwa mashine ikasoma 19. Shangazi wa Temeke nae anayo. Sasa baba mkubwa, wa tumbo moja kabisa na hao, hajawahi kuhama kijijini, ana miaka 74 na bado anashika jembe, chakula chake ugali wa uwele na mlenda, Desemba nilimpima mwenyewe asubuhi kabla ya chai ikasoma 5. Mi nina miaka 31, nashinda ofisini nimekaa, tumbo limeshaanza. Wife anasema nijiandae tu, kwetu ni ya kurithi. Kama ni damu mbona kwa baba mkubwa haijafika?

Nesi wa Zamu:
Pole mkuu, na mzee mpe pole. Niko kliniki ya sukari na swali hili naulizwa karibu kila wiki. Kwa sukari hii ya ukubwani unachorithi ni wepesi wa kuipata, sio ugonjwa wenyewe. Kuna watu wa kabila la Pima, wengine wako Arizona Marekani kando ya mto Gila, wenzao wa asili hiyohiyo wako milimani Mexico. Wale wa Arizona walikua wakulima wazuri wa kumwagilia, mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wakayachepusha maji huko juu, mashamba yakakauka, baadae wakawa wanakula unga mweupe, sukari na mafuta ya msaada wa serikali. Utafiti uliotoka 2006 ulikuta Arizona watu wazima 38% wana sukari, kule Mexico ambako walikua bado wanalima kwa mikono ni 6.9%. Hao ndo baba yako na baba yako mkubwa.

Mama Ntilie wa Mbagala:
Nesi nakuelewa ila naomba tusiongee kama vile mzee alijitakia. Alikaa pale kaunta ili watoto wasome. Mtu anatoka kazini saa 3 usiku akimbilie wapi mazoezi, barabara yetu hata pa kupita miguu hakuna, halafu ukienda ugenini ukikataa soda unaambiwa unaringa. Na jiko nalo linarithiwa jamani. Sisi nyumbani chai ilikua vijiko vinne kila kikombe, baba akapata sukari, mama ambae hana hata tone la damu ya ule ukoo nae akapata, wamekula chungu kimoja miaka 40. Hapo utasema ni jeni gani?

Nesi wa Zamu:
Dada hapo umesema kweli na nimekubali, kliniki tunawapokea sana mke na mume.

Fundi Maabara:
Niongezee, hata hiyo hamu ya kula ina mkono wa jeni. Kuna moja inaitwa FTO, uhusiano wake na unene uligundulika 2007, waliorithi nakala mbili za aina yake inayoleta unene kwa wastani wanazidi wenzao kama kilo 3, na sababu kubwa ni kwamba wanachelewa kushiba. Ila kwa wanaofanya mazoezi nguvu yake inapungua. Yaani ndugu wawili meza moja, mmoja anaacha sahani mwingine anaongeza, tunamwita mlafi kumbe mwili unamdai. Mwenye aina hiyo ya jeni kijijini kwenye chakula cha kupima na jembe haimsumbui sana, mlete mjini kwenye chipsi kila kona uone.

Mwana wa Kiomboi:
Fundi umemwelezea baba kabisa, bibi alikua anasema huyu tangu mdogo hashibi. Sasa kwa mimi kuna la kufanya au ndo nimechelewa?

Nesi wa Zamu:
Hujachelewa. Marekani walichukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari imeanza kupanda, majibu yakatoka 2002: waliolenga kupunguza 7% ya uzito na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, waliopata ugonjwa walipungua kwa 58% ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformin, dawa ya sukari, walipungua kwa 31%. Kapime asubuhi hujala kitu, ikiwa 7 au zaidi hicho ni kiwango cha ugonjwa, rudia siku nyingine kuhakikisha.

Mwana wa Kiomboi:
Shukrani sana wakuu. Jumamosi naenda kupima na wife, kasema nae atapima. Mzee anaomba arudi Kiomboi akakae na kaka yake mpaka mavuno, mnaonaje?

Nesi wa Zamu:
Aende, ila asiache dawa, na viatu asivue huko shambani. Mguu ule hausikii mwiba.