Mhakiki wa pili anataka kilomita, bosi anataka jina lake litangulie: naombeni ushauri

Mkunga_wa_Mkomani

Asalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Mimi ni mkunga hapa Lamu, miaka kumi na moja kazini, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kutuma makala kwenye jarida la utafiti wa tiba. Tulipekua madaftari ya wodi ya uzazi tukatoa habari za akina mama walioletwa na boti kutoka visiwani, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau mpaka Kiwayu. Tukaangalia nani aliwahi, nani alichelewa, na mama na mtoto waliondoka vipi. Tulikuwa watatu: mimi, kijana wa takwimu, na tabibu mmoja ambaye sasa kahamishwa.

Mswada umekaa huko miezi minne na nusu. Ijumaa nikafungua barua ya mhariri: "marekebisho makubwa", siku 60. Kijana wa takwimu anasema tumekataliwa kwa adabu.

Mhakiki wa kwanza ni mtu wa kheri, ana maswali sita. Wa pili ana ishirini na tatu, na ulimi wake ni msumeno. Anataka umbali wa kila kijiji hadi hospitali kwa kilomita. Huyo hajapanda boti maishani mwake! Anauliza mbona hatukujaza orodha ya STROBE. Anataka namba ya kibali cha kamati ya maadili, na sisi tulikuwa na barua ya msimamizi wa hospitali tu, tukidhani madaftari ni yetu wenyewe. Tena anasema Kiingereza chetu kikasahihishwe na mtu aliyezaliwa nacho.

La nyumbani ni hili: mkubwa wangu wa kazi, ambaye hakufunua hata ukurasa mmoja wa madaftari yale, anataka jina lake litangulie "kwa kuwa idara ni yake".

Na jana nimepata barua pepe ya jarida nisilolijua, wananiita Profesa Mheshimiwa, wanasema watanichapishia kwa siku tano nikilipa. Nishike la haraka au nipambane na huyu wa maswali ishirini na tatu?

Mwewe_wa_Shela

Profesa Mheshimiwa, hongera kwa cheo 😂 Hao wa siku tano futa. Siku tano hata mhakiki mmoja hajajibu kama yuko tayari kusoma.

Daktari_Sabaki

Dada yangu, kwanza vuta pumzi. Niko Malindi, na kila mwaka nahakiki makala tano sita za majarida, bila senti, usiku watoto wakilala. Acha nikueleze mambo yalivyo upande huu wa pili.

Mhakiki hakatai wala hakubali. Anashauri, mhariri ndiye anayekata shauri. Mhariri asiyeutaka mswada huurudisha wiki ya kwanza bila kumsumbua mtu. Akikwambia "marekebisho makubwa" amekwisha kutafuta watu wawili, akawabembeleza, akawangoja. Hawezi kutaka hasara hiyo ipotee bure.

Na huyo wa ishirini na tatu ndiye aliyekusoma. Mhakiki aliyechoshwa na mswada huandika mistari mitatu na kwenda kulala. Mimi mwenyewe huanza na majedwali, halafu mbinu, na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, naiweka mwisho nione kama inasema kilichomo au kinachotamaniwa. Jumla ya jedwali la 1 isipoafikiana na ya jedwali la 3, na hakuna maelezo, hapo ndipo ulimi wangu nami hugeuka msumeno. Nenda kahesabu majedwali yako upya kabla ya lolote.

Barua ya majibu ndiyo kazi kubwa, pengine kuliko mswada wenyewe. Nakili kila hoja yake neno kwa neno, chini yake jibu lako, na useme umebadilisha nini, ukurasa upi, mstari upi. Usiruke hata ile ya kukosea nukta. Usipokubaliana naye sema hukubaliani, mpe sababu na ushahidi, usimpe hasira. Wengi huandika "tumeshughulikia" wakaishia hapo. Nikiona hivyo narudi kwenye mswada kutafuta, na nisipokiona kilichoshughulikiwa naandika tena, kwa herufi nene.

STROBE ni orodha ya vipengele 22 kwa tafiti za kuangalia tu bila kuwapa watu dawa wala kuwagawa makundi. Ilitoka 2007 na ni bure. Unaandika kila kipengele kipo ukurasa gani. Itakuumbua pale ulipokuwa umejiambia "hili linajulikana".

Kuhusu kilomita, usimwambie hajapanda boti. Swali lake ni la maana, kipimo ndicho kisichofaa huko kwenu. Tangu Thaddeus na Maine waandike mwaka 1994, watu wa afya ya uzazi hutazama ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kwenda hospitali, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Anataka umpe kipimo cha ule wa pili. Mpe kilicho bora kuliko alichoomba. Ni kipi? Hapo waulize mabaharia, mimi ni mtu wa bara na barabara.

Nahodha_Mstaafu

Mimi si mtu wa majarida ila nimebeba waja wazito mara nyingi kuliko nilivyobeba watalii, na wawili walizaa botini, alhamdulillah wote wako hai.

Kilomita hazisemi kitu. Ndia ya Pate kuya Amu (Lamu) ni kupita Mkanda, kati ya Manda na bara. Maji yakijaa wapita ukiimba. Maji yakipwa, hasa bamvua yapwapo mno, chombo chakaa mchangani mngoje maji yarudi, na mama yuko na uchungu. Au uzunguke Manda kwa nje, bahari kuu, na kusi likiwa kali mwezi wa sita na wa saba hakuna nahodha mwenye akili atakaempeleka mama huko usiku. Mwanamke yule yule, kijiji kile kile, siku moya atafika kabla chai haijapoa, siku nyingine atalala ndiani.

Madaftari yenu yana tarehe na saa ya kufika? Basi chukua jedwali la maji la bandari la mwaka huo, tazama maji yalikuwa wapi. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hata bila jedwali utaijua kwa tarehe za Kiislamu.

Daktari_Sabaki

Nahodha, umenifunga mdomo. Dada, hicho ndicho kipimo chako: hali ya maji boti ilipopita. Weka na kilomita pia, safu moja tu kwenye jedwali, aridhike. Halafu onyesha kwamba kilomita hazikubadilika na muda ulibadilika. Mhakiki wa pili kakuandikia makala nzuri kuliko uliyotuma, na hajui.

Mkunga_wa_Mkomani

Wallahi nimesoma jibu la nahodha nikasimama. Hatukuwahi kufikiria maji! Tumekulia humu, tukayaona kama hewa.

Saa za kufika zipo. Ila nimeyafungua madaftari usiku huu nikakuta balaa. Wauguzi wengine waliandika saa za Kiswahili, wengine saa za Kizungu. Kuna mama "kafika saa 9, kajifungua saa 4". Sasa ni saa tisa ya alasiri akajifungua saa nne ya usiku, au ni saa tatu asubuhi iliyoandikwa Kizungu, halafu "4" ikawa saa kumi jioni? Tulipokuwa tunaingiza kwenye kompyuta kijana wetu aliingiza kama zilivyo. Huyo mhakiki aliandika "muda wa baadhi ya wagonjwa hauwezekani kimaumbile", nikamlaani. Alikuwa sawa.

Daktari_Sabaki

Hahaha, hili wahakiki wa Ulaya hawatalijua milele. Lakini ni zito, saa sita zikiyumba hali ya maji inageuka juu chini: maji yaliyojaa yanakuwa yamepwa. Kipimo chote cha nahodha kitaharibika.

Fanya hivi. Linganisha na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, pale saa huandikwa mfululizo, utaona mwendo wake. Angalia mwandiko, muuguzi mmoja huwa ana desturi moja. Wawili wenu mpitie kila rekodi yenye shaka, kila mmoja kivyake, bila kuonyeshana, kisha mlinganishe. Ambazo hazikupatikana ukweli ziacheni nje, na mseme ni ngapi na kwa nini. Na muamue kabla ya kutazama jedwali la maji, msije mkachagua saa inayopendeza hoja yenu. Haya yote yaandikwe kwenye mbinu, na yanayobaki kwenye sehemu ya mapungufu, wazi wazi. Mswada unaokiri udhaifu wake mimi huuamini zaidi.

Karani_wa_Kamati

Nimewahi kuwa karani wa kamati ya maadili, si huko Lamu. Nasema la kibali kwa sababu naona mnalipita kwa mbio, na ndilo linaloweza kuizamisha makala yote.

Barua ya msimamizi wa hospitali ni ruhusa ya kuingia chumba cha madaftari. Si kibali cha maadili. Kenya, utafiti hupitia kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), kisha leseni ya NACOSTI yenyewe, chini ya sheria ya 2013. Na tangu 2019 kuna sheria ya ulinzi wa data, habari za afya ya mtu ni za kulindwa kwa namna ya pekee.

Kamati haitakupa kibali cha kurudisha nyuma tarehe. Usiombe hivyo. Andika barua ueleze mlichofanya, lini, na kwamba ni rekodi zilizokuwepo na hakuna mama aliyeguswa, uombe mwongozo na kama uchambuzi huu mpya wa maji unaweza kupitiwa kabla haujaanza. Kamati nyingine husamehe ridhaa ya mgonjwa mmoja mmoja kwa rekodi zilizoondolewa majina. Kisha mwambie mhariri ukweli ule ule leo hii, usingoje siku ya 59. Anaweza kukubali kungoja, anaweza kukataa. Kuna watu wanaobandika namba ya kibali cha utafiti mwingine. Ikigundulika makala hufutwa hadharani na jina lako linabaki pale mtandaoni na neno hilo juu yake.

Mwana_Siyu

Nami naongeze dogo. Mmeondoa majina, vizuri. Lakini mkiandika "mama wa miaka 16, Ndau, mapacha, alifika usiku wa Maulidi", hapa visiwani kila mtu atamjua na mume wake na ng'ombe wa baba yake. Unganisheni vijiji.

Mkunga_wa_Mkomani

Ya Rabi. Jedwali la 4 liko hivyo hivyo ulivyosema. Naliondoa.

Chumvi_ya_Gongoni

Kuhusu bosi mpe tu nafasi ya mwisho, maisha yaendelee. Yeye ndiye anayesaini likizo yako. Majarida hayajui njaa ya huku.

Daktari_Sabaki

Chumvi, naelewa njaa, lakini hapana. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver mwaka 1978 (ndiko mtindo ule wa marejeleo kwa namba ulikopatia jina), na kamati yao ya ICMJE inataka mambo manne kwa kila mwandishi, yote manne: awe amechangia kwa kweli kubuni, kukusanya au kuchambua; awe ameandika au kusahihisha hoja; awe ameidhinisha toleo la mwisho; na akubali kuwajibika kwa kazi nzima likitokea swali. Aliyetoa ofisi na baraka anashukuriwa kwenye shukrani, na ni heshima ile.

Usibishane naye. Mpelekee mswada na barua ya wahakiki, umwombe asome mjadala na atie saini fomu ya michango. Akisoma na kuchangia hoja ya maana, hilo tutalizungumza. Asipofanya, fomu imesema kwa niaba yako.

Chumvi_ya_Gongoni

Fomu haitasaini likizo yake, lakini haya.

Kalamu_Langoni

Kiingereza: msinunue huduma ya bei. Zile programu za akili unde (AI) zitakunyoosha sentensi, majarida mengi yanaruhusu ilimradi useme umezitumia na wapi. Haziwezi kuwekwa kama mwandishi. Ila usizipe rekodi za wagonjwa, na usome kila sentensi, yangu moja iligeuza "hakuna tofauti" ikawa tofauti. Na andika kwanza kwa Kiswahili kile unachotaka kusema, sentensi mbili kwa kila aya. Ukishindwa kukisema kwa Kiswahili ujue shida si Kiingereza.

Mkunga_wa_Mkomani

Jamaa, nimerudi baada ya wiki tatu.

Mhariri nilimwandikia yote, la kibali na la saa za Kiswahili. Sikulala siku mbili. Akajibu kwa mistari minne: anaongeza muda mpaka kamati ijibu, na anataka barua ya kamati iambatanishwe, iwe vyovyote vile. Kamati imepokea maombi, uchambuzi wa maji tumeusimamisha mpaka watujibu.

Saa tumezipitia mimi na tabibu, yeye kwake mimi kwangu. Zilizobaki na shaka ni chache kuliko nilivyohofia, na nyingi ni za muuguzi mmoja aliyekwisha staafu. Nimempigia, kacheka, kasema yeye saa za Kizungu hajawahi kuandika tangu azaliwe. Basi hizo zimepata dawa.

Bosi nilimpelekea fomu pamoja na barua ya mhakiki wa pili. Alifika kwenye hoja ya kibali, akasoma tena lile la nne la kuwajibika, akauliza kwa upole kama kwenye shukrani huandikwa na cheo cha mtu. Nikamwambia huandikwa.

Nahodha, nami nataka nikuweke kwenye shukrani kwa jina lako la kweli, lakini lazima unipe idhini kwa maandishi, ndivyo jarida linavyotaka. Na kuna jambo sijalielewa: boti ikitoka Mtangawanda maji yakiwa nusu, yanaingia, hiyo tuihesabu imepita au imekwama?

Nahodha_Mstaafu

Yategemea chombo chazama kiasi gani, na nani ashika usukani. Hayo hayaandikwi hapa. Ndoo gatini kesho baada ya alasiri, njoo na hilo daftari lako na kalamu, nikuonyeshe kwa mkono. Idhini nitakupa hapo hapo.