Sehemu ya mwandishi kwenye CMS (mfumo wa kuandaa na kuchapisha makala za tovuti) inatutesa, nyie mnaifanyaje iwe rahisi?

mhariri_zamu
Wakuu habari zenu. Swali kwa mnaosimamia tovuti zenye waandishi wengi. Sisi tuko WordPress, kazi yangu ni kupokea makala na kuziingiza, maana wengi wanaotuandikia hawaingii kwenye mfumo kabisa, wanatuma faili tu basi. Sasa ile sehemu ya kuchagua mwandishi ndo inayotuchelewesha. Kila ukifungua makala mpya inajijaza jina lako wewe uliyeingia, afu orodha ni ndefu na wapo watu wawili wenye jina moja kabisa huwezi kujua yupi ni yupi, na makala ikiandikwa na watu wawili inabidi umtaje mmoja pale juu halafu mwenzake umtaje mwishoni kwa maandishi ya kawaida, kitu ambacho kwa kweli sio haki kwake. Developa anasema tumfungulie kila mtu akaunti. Sasa mtu ameandika mara moja tu na hatorudi, akaunti ya nini? Naomba mawazo.

fundi_jedwali
Mkuu shida yako imeanzia chini kabisa, sio kwenye muonekano. Kwenye databezi ya WordPress kila makala ina safu moja inaitwa post_author na inabeba namba moja tu ya yuza. Namba hiyo hiyo ndo inaamua jina gani lionekane kwa msomaji NA ndo inaamua makala ni ya nani ndani ya mfumo. Maana yake ukimuweka mtu kama mwandishi na akaunti yake ina ruhusa ya mwandishi, umempa pia uwezo wa kurudi kuibadilisha makala hata baada ya kuchapishwa. Haya ni mambo mawili tofauti yamefungwa pamoja, mengine yote unayoyaona pale juu yanatokana na hapo.

Kwa haraka angalia plagini (programu ndogo ya kuongezea kwenye WordPress) ya Co-Authors Plus. Inakuruhusu kuweka waandishi zaidi ya mmoja na ina kitu kinaitwa mwandishi mgeni, yaani profaili yenye jina, picha na maelezo lakini haina nywila wala haiwezi kuingia popote. Akaunti za watu wasioingia kamwe usizifungue, ni milango ya ziada ya kulinda bila faida yoyote. Ila kabla hujaiweka hakikisha themu yako (muundo wa muonekano wa tovuti) inajua kuonyesha majina mengi, vinginevyo utajaza wawili kwenye dashibodi na msomaji ataona mmoja.

nodi_na_tawi
Upande wa Drupal, CMS nyingine, sehemu ya mwandishi sio orodha, ni kisanduku unaandika herufi kinakuletea majina. Ni nafuu sana yuza wakiwa mamia, lakini kinatafuta kwa jina la akaunti, kwa hiyo kama watu walijisajili kwa vifupisho vya ajabu lazima uvikariri. Na ukiiacha tupu makala inahesabika ni ya mtumiaji asiyejulikana. Ninachofanya mimi kila mradi ni kutengeneza aina ya maudhui inaitwa Mwandishi, afu kwenye makala naongeza sehemu inayoelekeza huko na inayokubali watu wengi, ile ya mfumo naiacha ibaki kumbukumbu ya nani aliingiza. Joomla, nayo ni CMS, wana sehemu ya kuandika jina mbadala juu ya yule aliyeingiza, inasaidia kwa mgeni wa mara moja ila ni maandishi matupu, hayakupeleki kwenye ukurasa wa mtu.

dada_wa_fomu
Hayo maandishi matupu ndo nayapinga kwa nguvu zote. Mtu mmoja ataandikwa kwa jina kamili leo, kesho kwa kifupi, keshokutwa majina yamegeuzwa, na msomaji akitaka kazi zake zote hazipati. Bora mhariri aandike jina, mfumo utafute kwanza, lisipokuwepo ndo utoe kitufe cha "Ongeza mwandishi mpya" hapo hapo bila kumtoa kwenye makala anayoiandaa.

Na lebo jamani! "Mwandishi" peke yake haitoshi. Andikeni "Jina litakaloonekana kwa msomaji" na pembeni "Aliyeingiza", mtu hatouliza tena. Kwa mhariri anayeingiza kazi za wengine isijazwe kabla, iwe tupu na mfumo ukatae kuchapisha mpaka ajaze. Majina yakifanana onyesheni picha ndogo au idara. Waandishi wakiwa wengi pawe na njia ya kupanga nani atangulie, watu wanajali hilo sana, kwenye CMS ya Ghost kwa mfano, wa kwanza kwenye orodha ndo anachukuliwa mwandishi mkuu. Kitu kingine, msilazimishe jina la kwanza na la ukoo kwenye visanduku viwili, wapo watu wengi duniani wenye jina moja tu, na wengine wana manne. Na kisanduku cha kutafuta kijaribiwe kwa kibodi bila mausi, vingi vinavyotengenezwa haraka havifanyi kazi kwa mtu anayetumia kisoma skrini (programu inayomsomea asiyeona kwa sauti), wakati ile orodha ya kawaida ya brauza inafanya.

mhariri_zamu
Asanteni sana, hili la kutenganisha aliyeingiza na anayetajwa nalipeleka kwa developa leo leo. Swali moja la nyongeza, mwandishi akiondoka na akaunti yake ikafutwa, jina lake kwenye makala za zamani linakuwaje?

fundi_jedwali
WordPress ikikuta ana makala itakuuliza, ufute zote au uzihamishie kwa yuza mwingine. Ukihamisha jina linalosomeka linakuwa la huyo mwingine, yaani kazi ya mtu imebadilika jina bila yeye kujua. Kwa hiyo usimfute, mvue ruhusa zote na nywila ibadilishwe, profaili ibaki. Ukishahamia kwenye waandishi wageni iunganishe profaili yake ya mgeni kabla ya kugusa akaunti, ukifuta kwanza kuzirudisha makala moja moja ni kazi ya mikono.

nodi_na_tawi
Drupal pia ukifuta inakupa machaguo, na lipo la kuzima akaunti huku maudhui yakibaki kama yalivyo. Chagua hilo.