Wikiendi za vuli na waifu: ameanza kugoma, nimpeleke wapi tena?

kobe_wa_tabata
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri wa haraka kabla ya Jumamosi maana nimekwama kwelikweli. Mimi na mke wangu tunaishi Tabata, mtoto bado hatujajaliwa, na tangu Oktoba imeingia tumejiwekea utaratibu kila wikiendi lazima tutoke. Tulianzia mjini hapahapa, Azania Front kuangalia lile kanisa la Wajerumani, tukatembea Kivukoni mpaka Feri tukala samaki wa kukaanga, tukavuka na pantoni kwa mia mbili mbili. Baadae ndo tukaanza kusogea mbali, Kimbiji, Kisarawe, Pugu kwenye mapango ya popo, Bagamoyo mpaka Kaole kwenye magofu. Alikuwa anafurahi mno, picha kibao, status zinajaa. Sasa juzi ananiambia hatoki tena mpaka nimwambie huko tunatafuta nini. Mvua nazo ndo hizi zimeanza kuchanganya. Nipeni sehemu nzuri arudi kwenye mudi, bajeti ya kawaida tu.

treni_ya_asubuhi
SGR mkuu, usihangaike. Mpeleke Moro kwa siku moja mrudi. Nauli ilivyoanza 2024 ilikuwa elfu 13 kwa mtu daraja la kawaida. Mnapita Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, ukishtuka unaiona Uluguru imejifunika mawingu. Mkae dirishani. Mimi wangu alilala njia nzima nikaangalia mwenyewe.

Mama Nasri
Vijana mna hela jamani. Sisi na baba Nasri matembezi yetu yalikuwa kwenda msibani na kurudi. Ila usimpeleke kisiwani kipindi hiki nakusihi. Sisi tulienda Mbudya tukapandia Kunduchi, asubuhi jua kali, saa tisa mvua ikashuka tukiwa katikati, nahodha anaendesha kwa mkono mmoja na mwingine anachota maji ndani ya boti kwa dumu lililokatwa huku anatuambia hamna shida. Nilisoma dua zote nilizofundishwa madrasa na nyingine nikatunga palepale. Mwanamke akikwambia hataki kutoka, mpikie chai mkae nyumbani.

Babu wa Gongo la Mboto
Mimi nimeumia mnafika Pugu mnaangalia popo. Mwalimu Nyerere kafundisha pale St. Francis mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, hata shule hamkuichungulia? Kizazi hiki mnapiga picha na popo.

mchonga_mwiko
Mtoa mada hebu rudia kusoma ulichoandika. Mtu aliyepelekwa kula samaki Feri hawezi kukuuliza "tunatafuta nini". Mwenzio kauliza swali moja wewe unakuja kutuuliza swali lingine. Halafu Kimbiji wikiendi, na mvua hii, kuna nini? Tema.

kobe_wa_tabata
Sikutaka kuliweka hapa maana najua mtalikuza. Iko hivi, kuna jamaa huwa tunakutana naye hukohuko, ni dalali wa viwanja. Mke wangu alimuona Kimbiji kavaa gambuti, wiki nyingine tupo Kaole akatokea tena na gambuti zilezile zina udongo mwekundu, akanisalimia kwa jina. Nikamwambia waifu huyu ni dereva nilisoma naye. Akanyamaza mpaka Tabata. Lakini jamani kosa langu liko wapi, kiwanja kinaangaliwa kipindi cha vuli, kiangazi kila sehemu pakavu, dalali anakwambia hapa hapatuami maji na unakubali. Nimeunganisha matembezi na kazi, nauli ileile moja.

Babu wa Gongo la Mboto
Kwa hilo la mvua nakuunga mkono mia kwa mia. Desemba 2011 Jangwani yote ilikuwa maji, watu juu ya mabati, serikali ikawahamishia Mabwepande. Shemeji yangu alikuwa mmoja wao, akapewa kiwanja, akalalamika mbali hakuna usafiri, akakiuza akarudi mtoni. Sasa hivi akipita Mabwepande anageuza shingo upande wa pili.

dada_cherehani
Kuangalia kiwanja sio dhambi, kila mtu Dar hii anaangalia viwanja. Kinachofichwa ndo nataka kukijua. Umeshalipa?

kobe_wa_tabata
Nimetoa advansi tu, sijamaliza.

dada_cherehani
Hela ipi?

dada_cherehani
Naona upo online kaka.

kobe_wa_tabata
Kuna hela tulikuwa tunaweka ya fremu. Yeye anashonea nyumbani, sebule yote vitambaa, tukapanga mwakani afungue fremu yake Tabata Segerea. Nimechukua nusu. Kabla hamjanirukia nisikilizeni, fremu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, hiyo hela ukishatoa imekwenda, biashara ikikataa umebaki na cherehani na madeni. Ardhi haiozi. Chenyewe ni 20 kwa 20, kimepimwa, bikoni za mipaka nimezikanyaga kwa miguu yangu, siku tuliyoenda ilinyesha kutwa na maji yalikuwa yanapita pembeni kwa jirani, kwangu hamna hata dimbwi. Ningemwambia mapema angekataa na kiwanja kingeenda. Na ni cha wote wawili hata kama karatasi ina jina langu.

dada_cherehani
Cha wote wawili kina jina lako, na hela iliyotoka ni ya mmoja. Mimi nimefundisha wasichana kushona, najua mtu anavyokaa macho mpaka saa nane usiku kumalizia sare za harusi ya watu ili apate elfu kumi ya kuweka. Endelea kumtafutia beach.

wakili_pori
Kisheria tusimuonee. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakukataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako, kununua haijakukataza. Swali langu ni jingine, ulifanya sachi ofisi ya ardhi kujua mmiliki ni nani? Kukanyaga bikoni sio kusoma hati. Unaweza ukawa umezikanyaga bikoni za mtu ambaye yupo Mwanza na hati yake kabatini.

kobe_wa_tabata
Sachi dalali kasema atanifanyia.

wakili_pori
Mungu wangu. Anayekuuzia ndiye anakukagulia?

dagaa_mchele
Jamani mnapigwa, hii ni chai. Angalieni uzi ulivyoenda, tumeanza na mapenzi na samaki wa Feri, sasa hivi tunaelezwa 20 kwa 20, kimepimwa, hakituami maji, kipindi hiki ndo kizuri kununua. Mume gani aliyebanwa na mke anakumbuka kutaja vipimo? Huyu ndiye dalali mwenyewe, kavua gambuti tu.

mchonga_mwiko
😂😂😂 Na kweli! Na mwanzo alisema mke alifurahi Kaole, sasa Kaole ndo walikonuniana.

kobe_wa_tabata
Wewe dagaa huna adabu. Kaole asubuhi alifurahi, tulizunguka kwenye msikiti wa kale wa karne ya 13 na yale makaburi ya nguzo, mzee wa pale akatueleza vizuri tu, jamaa katokea mchana tunatoka. Ningekuwa dalali ningeweka namba ya simu. Nimekuja na shida ya ndoa mnanifanya tapeli.

treni_ya_asubuhi
Mimi namuamini. Mpeleke Moro umwambie mkiwa kwenye treni, hawezi kushuka njiani.

Mama Nasri
Ataweza, Ruvu si inasimama.

kitwana_buza
Samahani nimechelewa kwenye uzi, chai au sio chai mimi nina shida ya kiwanja kweli. Kiko upande upi na bei imesimamaje?

kobe_wa_tabata
Upande wa Kimbiji. Vimebaki vichache. Bei siweki hapa, njoo PM.

dagaa_mchele
Wadau nasubiri kuombwa radhi, foleni ianzie hapa.

Mama Nasri
Hiyo PM ungeanza kumtumia mkeo.

kitwana_buza
Nimeshatuma, jibu basi mkuu. Jumamosi nakuja na gambuti zangu.