Naomba ushauri: muungano wa Walatino wa jimbo zima, miji midogo inajitoa

Habari zenu wakuu. Niko Des Moines, Iowa, najitolea na vikundi vya Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) vinavyotaka sauti moja kwenye bunge la jimbo, kikao kikifunguliwa Januari. Kaunti ziko 99. Wenzetu wa miji midogo ya Storm Lake na Marshalltown, wengi wao wa viwanda vya nyama, wanasema sisi wa mji mkuu tunajiamulia kila kitu. Wana haki kidogo. Tulijaribu kikao cha Zoom Jumapili jioni: wakaingia wanne, mmoja bado kavaa wavu wa nywele wa kiwandani, akasinzia.

Mliounganisha jumuiya za Wakongo au Wakenya huku Marekani, viti vya kamati mligawaje: kwa mji au kwa idadi ya wanachama? Na mlisajili kwanza, au mlianza na makubaliano ya maandishi tu?