Mzee anatoka damu chooni, wameshaona bawasiri, kolonoskopi ya nini tena?

Kijana wa Mzee: Wakuu habarini. Baba yangu ana miaka 58, akienda haja kubwa anatoka damu nyekundu kabisa ila hasikii maumivu. Zahanati walimwambia ni bawasiri wakampa dawa ya kupaka, ikakata kidogo ikarudi. Sasa hospitali ya rufaa dokta kampima kwa kidole akasema bawasiri kweli ipo lakini bado anataka kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera kuangalia utumbo mpana. Mzee kagoma, anasema ugonjwa si umeshajulikana, halafu anaona aibu. Nimwambieje?

Nesi wa Zamu: Pole mdogo wangu. Mwambie kuwa na bawasiri hakumzuii mtu kuwa na kitu kingine huko juu. Kuna kibomba kifupi cha proktoskopi cha kuchungulia njia ya haja kubwa, ila kinaona sentimita chache tu za mwisho, bawasiri utaiona vizuri ila basi. Kolonoskopi inapita utumbo mpana wote mpaka unapokutana na utumbo mwembamba, na kwa umri wake damu isisingiziwe bawasiri kabla hawajaangalia. Wakikuta polipu, yaani kinyama kilichoota ndani ya utumbo, wanaikata hapohapo kwa kitanzi cha waya inaenda maabara, maana baadhi zikiachwa miaka mingi zinageuka kansa. Kuhusu aibu, anavaa gauni lililo wazi nyuma na anafunikwa shuka, na akitaka daktari mwanaume aseme mapema, wakiwa naye watampa.

Mama Zawadi: Mimi nimefanyiwa, kipimo chenyewe sikukisikia kwa sababu ya sindano ya usingizi, shughuli ni kusafisha tumbo, siku ya kabla unaishi kwa vimiminika tu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, halafu ile dawa ya kuharisha unakunywa malita unashinda chooni. Juisi nyekundu asiguse maana ndani inaweza kudhaniwa damu. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu, vya sukari au vya kuzuia damu kuganda amwambie dokta mapema, asiache kwa kujiamulia. Na uende naye, hawezi kuendesha gari akitoka pale.

Kijana wa Mzee: Asanteni sana. Na bawasiri yenyewe lazima apasuliwe?

Nesi wa Zamu: Inategemea daraja, yaani imetoka nje kiasi gani. Ya kwanza mpaka ya tatu nyingi tunafunga kwa kimpira kidogo kwenye shina, inakosa damu inanyauka na kudondoka yenyewe, kama wiki hivi. Tunafunga juu kidogo ambapo hakuna mishipa ya kuhisi maumivu makali. Daraja la nne, ile inayobaki nje hata ukiirudisha, mara nyingi ndo ya upasuaji. Akishafungwa, damu kidogo ni kawaida, lakini damu ikiwa nyingi, akipata homa, maumivu yakizidi au mkojo ukigoma kutoka, mrudishe hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.