Tupeane uzoefu: besiboli ya vyuo Marekani, tofauti ya vipaji na rasilimali kati ya D1, D2, D3 na JUCO

Mzazi wa Texas (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kijana wangu anamaliza sekondari mwakani hapa Texas. Ni katcha, yaani mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na makocha wa vyuo wameshaanza kupiga simu: wa D2, wa D3, wa chuo cha miaka miwili, na mmoja wa D1 anayesema aje tu, mengine yataonekana hukohuko. Ndugu nyumbani wakisikia D1 wanapiga vigelegele, na jumuiya yetu ya Watanzania na Wakenya hapa ni hivyohivyo. Mimi jina la daraja peke yake halinitoshi. Nataka kusikia kwa walioishi ndani yake: mlikutana na wachezaji wa kiwango gani, chuo kiliwapa nini, na familia ilitoa kiasi gani mfukoni.

Kwa wasiojua mpangilio: NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, ina madaraja matatu, yaani D1, D2 na D3. Pembeni kuna NAIA, chama kingine chenye vyuo vidogo, vingi vya kidini, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili ambavyo wachezaji wanaviita JUCO. Kwa miaka mingi timu ya D1 iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu, nao uligawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27. D2 ni 9, NAIA 12, JUCO za daraja la juu 24. D3 haitoi hata senti kwa ajili ya mchezo. Kuanzia msimu wa 2025–26, baada ya kesi ya House dhidi ya NCAA kuhusu malipo ya wanamichezo, vyuo vya D1 vilivyoingia kwenye makubaliano vinaweza kumfadhili kila mchezaji, ila kikosi kisizidi watu 34. Vinaweza, lakini havilazimiki, na hapo ndipo mimi nashikilia kuuliza kila kocha.

Karibuni. Mtu aseme na nafasi aliyocheza, maana hali ya pitcha, mrusha mpira, si ya katcha.

Mama wa Des Moines

Kaka, D3 usiipite haraka. Mwanangu amecheza D3 huku Midwest mpaka akahitimu, ni pitcha. Chuo ni cha binafsi na ada yake ukiisoma unaogopa. Lakini walimpunguzia zaidi ya nusu kwa matokeo yake ya darasani, na msaada wa serikali kwa kipato chetu ukashusha tena. Jirani yetu kijana wake alienda D1 akiwa na robo ya ada. Tulipokaa kulinganisha, wao ndio waliokuwa wanalipa zaidi yetu.

Rasilimali ni chache, sikufichi. Kocha wa kudumu ni mmoja, wasaidizi wana kazi zao nyingine mchana. Mvua ikianza, wachezaji wenyewe wanakimbia kuvuta turubai. Mechi ikiisha wanashika reki, wanajaza udongo wa mfinyanzi kwenye shimo ambalo mguu wa pitcha umelichimba, wanaumwagia maji na kuushindilia mpaka ukaze, kwa sababu kesho yake pitcha mwingine akikanyaga palipolegea goti linakwenda. Mwanangu alikuwa anarudi chumbani viatu vimejaa udongo na bado ana ripoti ya maabara ya kuandika. Februari huku ni theluji, kwa hiyo mazoezi yalikuwa ndani ya ukumbi wa kikapu, kwa zamu na timu nyingine, mara nyingi usiku sana. Safari ya Machi kwenda Florida tulichangishana wazazi. Mimi nilikaanga sambusa za kuuza.

Kuhusu vipaji, pitcha namba moja wa kila timu nzuri ya D3 anarusha maili 88, 90 kwa saa. Ukimwona hutajua kama yuko D3. Shida inaonekana mechi ya tatu ya wikiendi, anapoingia kijana wa maili 79 asiyeweza kuulenga mpira kwenye sahani, kile kibao cha mpigaji. Jordan Zimmermann alitoka Wisconsin–Stevens Point, chuo cha D3, akachaguliwa raundi ya pili ya drafti (timu za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu) mwaka 2007 na akadumu ligi kuu. Maskauti, wale wasaka vipaji, wanafika, ila lazima uwe wa kipekee.

Kijana wa Eldoret, Kansas

Nilicheza JUCO magharibi mwa Kansas, nikamalizia D2. Nafasi yangu ni mlinzi wa besi ya pili, yaani sekondi besi.

Watu wanadhani JUCO ni ya walioshindwa shule. Wiki ya kwanza nilikuta mwenzangu aliyetoka D1 kubwa akitafuta nafasi ya kucheza, wengine wametoka Dominikana, na pitcha ambaye kila akipanda kilimani, pale pa kurushia, maskauti wanasimama nyuma ya wavu wameinua rada za kupima kasi. Sababu ni sheria ya drafti. Ukiingia chuo cha miaka minne unasubiri miaka mitatu au ufikishe umri wa miaka 21, lakini JUCO unaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Ndiyo maana Bryce Harper alimaliza sekondari mapema akaenda College of Southern Nevada, akachaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2010. Albert Pujols naye alipita Maple Woods, Kansas City, akachukuliwa raundi ya 13 mwaka 1999.

Maisha yenyewe ni magumu. Kocha msaidizi ndiye dereva wa basi. Hotelini mnalala wanne chumba kimoja. Chakula cha njiani ni mkate na siagi ya karanga kwenye mfuko. Mtaalamu wa viungo alikuwa mmoja kwa michezo yote ya chuo, na bega langu lilipoanza kuuma nilipewa barafu nikaambiwa nipumzike. Ila ada, chumba na chakula vililipwa vyote. Mama yangu alilipa nauli na glavu.

Mleta mada, ukizungumza na JUCO uliza kama ni ya daraja la kwanza, la pili au la tatu. La pili linaruhusiwa kulipa ada na vitabu, malazi unabeba mwenyewe. La tatu halitoi ufadhili wa mchezo. Nimeona wazazi wakishtukia hili Agosti, mtoto ameshahamia.

D2 nilikuta watu wazima. Wengi wana miaka 22 au 23, wameshapita JUCO au D1, hawaogopi kitu. Timu nzuri ya D2, ile inayofika fainali za kitaifa za D2 kule Cary, North Carolina, inazifunga timu nyingi za chini za D1, na hili nitalisema popote. J.D. Martinez alitoka Nova Southeastern, D2, raundi ya 20 mwaka 2009, akaja kuwa mmoja wa wapigaji wakali wa kizazi chake.

Baba wa Georgia

Mimi nina wa D1, chuo cha kati, nje ya zile ligi kubwa. Mtaalamu wa lishe yupo, ukumbi wa kupigia mpira ndani upo, na kuna mtambo wa TrackMan unaosoma mpira umezunguka mara ngapi kwa dakika. Ukitoka D3 ukaingia hapo unajiona umefika.

Halafu Jumanne moja tukaenda kucheza na chuo cha SEC, moja ya zile ligi kubwa. Siku ya kazi, jukwaa limejaa. Pitcha wao hakuwa hata mmoja wa wale watatu wanaoanza mechi za wikiendi, na alirusha 95. Akatolewa, akaja wa mkono wa kushoto, 93. Akaja mwingine, 97. Kwenye uwanja wa kupashia bado walikuwa wamesimama wengine wawili. Pitcha wetu wa Ijumaa, yaani namba moja wetu, anaweza kuanza kwenye timu ile, nasema kwa dhati. Lakini akichoka, sisi baada yake tunabaki na maombi. Tofauti kubwa iko kwenye mtu wa kumi na wa kumi na tano wa kikosi, na huyo mtu wa kumi na tano ananunuliwa na rasilimali.

Kwa hiyo D1 siyo kitu kimoja. Pitcha Paul Skenes alikuwa Air Force, chuo cha jeshi la anga, ambacho ni D1 vilevile. Akahamia LSU (Louisiana State), penye uwanja wa watu zaidi ya 10,000 na makocha wa kumnoa, wakatwaa ubingwa wa vyuo unaochezewa Omaha mwaka 2023, na mwaka huohuo Pittsburgh, timu ya ligi kuu, wakamchagua wa kwanza kwa dola milioni 9.2. Wadogo nao hushinda: Fresno State 2008, Coastal Carolina 2016. Lakini tangu potali ya uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ilipofunguliwa, chuo kidogo kikimlea mchezaji akaiva, mkubwa anamchukua.

Sasa la nyumbani. Mwanangu hajapata namba. Kila kiangazi kocha analeta watu wa miaka 22 kutoka potali, na kijana wa miaka 18 anasugua benchi. Juzi ameambiwa kwa upole atafute kwingine. Anaumia na mimi naumia. Mleta mada, kocha anayesema aje tu mengine yataonekana, muulize ana makatcha wangapi, wako mwaka wa ngapi, na pesa ni kiasi gani kwa maandishi.

Dada wa Minnesota

Naomba kuuliza. Mdogo wangu yuko kwa viza ya F-1, ya wanafunzi. Hizi pesa za NIL, malipo ya kutumia jina na picha ya mchezaji, anaweza kupokea?

Mzazi wa Texas

Dada, ufadhili wa masomo hauna tatizo. Malipo ya matangazo na mgao wa mapato ya chuo yanaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi, na F-1 ina masharti makali ya kazi. Asisaini chochote kabla hajaonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na mwanasheria wa uhamiaji.

Kocha wa Kampala

Nawasoma kutoka Uganda. Watoto wetu wa Lugazi walifika Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, na mwaka 2022 Dodgers, timu ya ligi kuu, waliwasaini Ben Serunkuma na Umar Male. Vipaji vipo. Nina katcha wa miaka 17 na simu ya kurekodia, uwanja wetu ni wa shule. Nianzie wapi?

Kijana wa Eldoret, Kansas

Kocha, anzia JUCO na NAIA, wao wamezoea wageni na milango yao haina msongamano kama D1. Aweke cheti cha sekondari na matokeo yake tayari, maana NAIA ina kituo chake cha kuhakiki sifa, na NCAA ina chake.

Video iwe fupi, isiwe na muziki. Mrekodi kwa pembeni akidaka na kurusha kutoka sahani hadi besi ya pili, mara kadhaa mfululizo, bila kukata. Kocha atapima mwenyewe tangu mpira unapogusa glavu ya katcha mpaka unapogusa glavu ya pili. Sekunde 2.0 au chini yake, simu itapigwa. Mrekodi pia akikimbia yadi 60, akizuia mipira inayodunda chini, na akipiga. Andika urefu, uzito na mwaka wa kuzaliwa mwanzoni. Tuma kwa kocha msaidizi anayeshughulikia usajili, jina lake liko kwenye tovuti ya kila chuo. Ukimaliza kurekodi niandikie faragha, nitakupa orodha ya vyuo vya Kansas na Oklahoma vya kuanzia.