Besi imetoka Dodoma, sasa masika ya Tanga shingo imepinda. Nikaze au nilegeze?

Mtoto wa Makorora

Wakuu habarini. Naomba msaada kwa wanaojua gitaa la besi, hasa mnaoishi huku pwani.

Nina besi ya nyuzi nne, umbo la Jazz Bass ila si ya kampuni ya Fender yenyewe, na ubao wa vidole, pale ninapominyia nyuzi, ni mti wa rozwudi. Niliinunua kwa mtu Dodoma mwaka jana mwezi wa tisa. Kule ilikuwa laini, unagusa tu inaitika. Nikaja nayo Tanga, kaskazi yote ikaenda vizuri. Tangu masika ianze nyuzi zimepanda. Freti (vile vyuma vilivyokatiza ubao) ya 1 mpaka ya 3 naminya kawaida, lakini kuanzia ya 5 hadi ya 12 ni mateso, na nyimbo zetu za harusi mnazijua, haziishi mpaka mwenye shughuli achoke kutunza. Halafu huku juu kabisa, baada ya freti ya 14, uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, unalia zzz.

Gitaa natundika ukutani chumbani, upande unaopigwa na mvua. Fundi mmoja mjini kaniambia shingo imekufa ninunue nyingine, na bei aliyotaja inakaribia ya besi nzima. Mpiga kinanda wetu anasema ndani ya shingo kuna chuma kinachokazwa. Nimefungua kifuniko pale kichwani nimeona tundu la pembe sita. Sasa nikaze au nilegeze? Na kila masika itakuwa hivi?

Sauti ya Nne

Pole mkuu. Ukimaliza kupiga legeza nyuzi zote, shingo ipumzike. Mimi gitaa langu nalifanyia hivyo miaka yote. Na weka mchele kwenye begi, unanyonya unyevu.

Bahari Bluu

Uza hiyo, tafuta yenye shingo ya kaboni, haijui masika wala kiangazi. (Natania, kwa bei yake unapata bodaboda.)

Seremala wa Bagamoyo

Mdogo wangu wa Makorora, shingo haijafa. Shingo iliyokufa ni ile iliyojisokota: ukiichungulia kutoka kichwani kuelekea kwenye briji (kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi), upande wa uzi wa E, ule mnene, umeinama na upande wa G umeinuka. Hiyo kweli ni kesi. Ya kwako, kwa ulivyoeleza, imeongeza upinde tu, na upinde ndio kazi ya hicho chuma, trasi rodi.

Nyuzi nne zikiwa zimetyuniwa zinavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Trasi rodi inavuta kinyume. Katikati yao kuna mti, na mti unakunywa hewa. Unyevu ukipanda, mti unavimba kwa upana. Kwa urefu ni kidogo sana. Ndiyo sababu mlango wa mbao unakwama masika na kiangazi unajifunga wenyewe. Sasa mgongo wa shingo yako umepigwa vanishi, lakini rozwudi iko wazi, kwa hiyo upande mmoja unakunywa haraka na mwingine polepole. Rozwudi ikivimba inataka kuirudisha shingo nyuma. Lakini mti ukishalowa unalainika pia, unazikubalia nyuzi, nazo zinaivuta mbele. Nani atashinda? Inategemea mti wenyewe, ulivyopasuliwa, ulivyokaushwa na vanishi yake. Nimeshaletewa besi mbili za bendi moja, chumba kimoja, masika ile ile: moja imeongeza upinde, nyingine imenyooka mpaka inalia freti za mwanzo. Kwa hiyo mtu akikwambia masika kaza, kiangazi legeza, msikilize kwa heshima halafu upime.

Kupima hakuna gharama. Nenda kwa fundi wa magari au pikipiki umwazime fila geji, vile vibati vyembamba anavyopimia nafasi za vavu. Tyuni besi kama unavyopiga siku zote. Shika gitaa kama unapiga, usililaze mezani, maana uzito wa shingo unadanganya kipimo. Funga kapo, kile kibano kinachominya nyuzi zote, freti ya 1. Mkono wa kulia uminye uzi wa E pale shingo inapokutana na mwili. Huo uzi sasa ndio rula yako. Angalia freti ya 7 au ya 8, kati ya uzi na kichwa cha freti, kibati kipi kinapita bila kuusukuma uzi. Kwa Fender ambazo uso wa ubao wa vidole umebinuka kwa kawaida, kiwanda kinataja milimita 0.30 mpaka 0.35, na kwa besi kama yako pa kuanzia ni hapo hapo. Kukiwa hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno na italia freti ya 1 mpaka ya 5. Nafasi ikizidi sana, utapata huo ugumu wa katikati.

Ukikuta imezidi, kaza: ukilitazama lile tundu uso kwa uso, geuza kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Robo mzunguko tu. Legeza kwanza nyuzi mbili za katikati ili chuma kisibebe mzigo wote, geuza, tyuni tena, pima. Bora uiache ilale ukapime kesho, mti hauna haraka. Chuma kikigoma, achana nacho, maana kikikatika humo ndani hapo ndipo yule fundi wako atakuwa na haki ya kukuuzia shingo.

Spana nayo ni jambo la kuangalia. Besi nyingi za Asia zinatumia ya L ya milimita 4 au 5. Nyingi za Marekani ni inchi 3/16, yaani karibu milimita 4.8: ya 5 haiingii, ya 4.5 inaingia lakini inacheza. Ikicheza hata kidogo usigeuze, utayala yale mapembe na hapo hakuna spana tena.

Ndugu yangu Sauti ya Nne, kwa besi yenye trasi rodi iliyokazwa, ukilegeza nyuzi zote unakiacha chuma kivute peke yake, shingo inarudi nyuma, kesho ukityuni inaanza kuhangaika upya. Unyevu nao unaingia hata nyuzi zikiwa zimelegea. Iache imetyuniwa. Na mchele, kwa huku pwani, utapata sisimizi kabla hujapata ukavu.

Gitaa litoe kwenye huo ukuta leo. Tofali likinywa mvua linatoa unyevu kutwa nzima na rozwudi yako iko sentimita chache tu mbele yake. Weka kwenye kasha gumu kama unalo, juu ya kitanda au kabati, si kwenye sakafu ya simenti. Tupia humo vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vikishiba, mimina chembe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, zinafanya kazi tena. Watengenezaji wanapenda unyevu wa hewa uwe asilimia 45 hadi 55. Tanga na Bagamoyo hapa hewa mara nyingi inapita 70, kwa hiyo usihangaike kuifanya chumba chako Dodoma. Kinachoisumbua shingo zaidi ni kupanda na kushuka. Ikikaa kwenye 70 zile zile itazoea, utairekebisha mara moja basi. Wale wa vikundi vya Black Star na Lucky Star walipiga taarab kwa besi hapo hapo Tanga, bahari ni hiyo hiyo.

Mpiga Nne Raskazone

Shikamoo mzee. Mimi napiga kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, nikitoka nje kwenye joto besi yote inakuwa chini. Hiyo nayo ni shingo?

Seremala wa Bagamoyo

Marahaba. Hapana, hizo ni nyuzi. Chuma kikipata joto kinarefuka papo hapo, sauti inashuka. Shingo inahitaji siku kadhaa ndipo iseme. Acha besi ndani ya begi lililofungwa nusu saa pale utakapopigia, kisha tyuni. Usiguse trasi rodi siku ya shughuli, na usiiache kwenye buti la gari lililoanikwa juani. Humo hata gundi inalainika.

Mtoto wa Makorora

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimeazima fila geji kwa jirani wa pikipiki (kacheka sana, kauliza gitaa lina vavu ngapi). Ya 0.70 ilikuwa inapita bila kugusa. Spana ya milimita 4 ndiyo yenyewe, imeingia bila kucheza. Nimekaza robo, nikalala nayo, asubuhi 0.50. Nikaongeza chini ya robo, leo inapita 0.35 na ya 0.40 inagusa. Katikati pamerudi kulainika. Uzi wa G huku juu umepungua kulia ila bado upo, na nikitaka kuugusa pale kwenye briji vile viskrubu vina kutu, havigeuki.

Seremala wa Bagamoyo

Hapo trasi rodi imemaliza, usiiongeze hata nywele. Mtu akitumia shingo kushusha nyuzi anaharibu vyote viwili. Urefu wa nyuzi unarekebishwa kwenye briji.

Kutu ni chumvi ya bahari na jasho lako. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila skrubu, tumia ncha ya sindano ili yasimwagikie mbao, uache mpaka kesho. Halafu spana ya L ya milimita 1.5, na uigeuze kwanza kwa kukaza kidogo sana ndipo ulegeze, kutu inaachia hivyo. Uzi wa G upandishe kidogo mpaka zzz iishe, na hiyo freti ya 14 kwenda juu uiminye moja moja. Ikibaki inalia kwenye freti moja tu, hiyo freti imeinuka kutoka kwenye ubao, unyevu unafanya hivyo pia. Nitumie picha ya karibu ya ubavuni kabla hujampelekea mtu mwenye tupa.

Sauti ya Nne

Mzee, mchele wangu nimeutoa. Sisimizi walikuwemo kweli.